Usaili Barazani kwa Karani

Mtu aliyetufundisha kuomba kazi pale Misunkumilo, mtaani kwetu Mpanda, alikuwa karani wa mahakama aliyestaafu. Jina lake silitaji, maana hata sisi hatukulitumia. Watoto walimwita Karani, mchungaji alimwita Karani, na mkewe akikasirika alimwita Karani wa Watu Wote Isipokuwa Mimi. Alikuwa na koti la kijivu alilolivaa kila siku ya kazi, hata lile joto la Oktoba linapopiga Mpanda mpaka mbwa wanahamia mtaroni. Yeye vifungo vyote amefunga. Ukimwambia alivue anakuuliza, "Wewe umewahi kuona jambo la maana linaamuliwa na mtu aliyevaa fulana?"

Barazani kwake palikuwa na meza, benchi la kusubiria na viti viwili vya plastiki. Kiti kizima kilikuwa chake. Kile chenye mguu uliopasuka kilikuwa cha msailiwa, na ukikaa bila adabu kinakumwaga chini. Tulidhani ni umaskini, kumbe ni makusudi. "Anayeweza kukaa hapo na kuendelea kujibu," alisema, "hakuna ofisi itakayomshinda."

Nasikia ilianza na mtoto wa jirani aliyempelekea barua yake ya maombi amsahihishie Kiswahili. Karani aliisoma, akavua miwani, akaanza kumuuliza maswali. Huyu kijana aliingia pale akiwa na barua, akatoka amekiri kwamba ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo aliandikiwa na rafiki yake. Hakuna aliyekuwa amemuuliza habari ya ripoti. Lakini wiki iliyofuata alipoitwa kwenye usaili wa kweli alipata kazi, akasema baada ya Karani wale wasaili wengine walikuwa kama wajomba zake. Habari ikasambaa. Benchi likajaa.

Mimi nilikutana naye stesheni. Siku treni ya kutoka Kaliua inapoingia, Karani alikuwa na tabia ya kwenda kusimama pale aangalie wanaoshuka. Hakuwa anapokea mtu. Alikuwa anapima hali ya ajira nchini. "Kijana akirudi na begi tu, bado anajaribu," aliniambia baadaye. "Akirudi na godoro, amekata tamaa."

Mimi nilirudi na godoro. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimezunguka Dar es Salaam na bahasha mpaka viatu vikafungua mdomo, nikaona nirudi kwa mama. Nikiwa nahangaika kulishusha lile godoro kwenye behewa, mzee wa koti akaja akashika upande wa pili bila hata salamu. Tukaanza safari, yeye mbele mimi nyuma. Madereva wa bodaboda wakaanza kucheka.

"Mzee, mnahamia wapi na huyo binti?"

Karani akasimama, akageuka taratibu, na mimi huku nyuma nikalazimika kugeuka pia kama trela. "Msiwacheke wenzenu," akasema. "Hii ni samani ya ofisi. Inapita tu nyumbani kwanza."

Mama alikuwa amewaeleza majirani kwamba nimesomea mipango. Jirani mmoja akauliza, "Sasa kama amesomea mipango, mbona hajapangiwa kazi?" Kesho yake nikaenda barazani.

"Jina," akasema Karani.

"Mzee, si jana tumebeba wote godoro?"

"Kamati haijabeba godoro. Jina."

"Rehema."

"Kwa nini unaitaka kazi hii?"

"Kwa sababu mimi ni mchapakazi na ninajituma."

Akaweka kalamu chini. "Rehema mwanangu, hata punda ni mchapakazi na anajituma. Ushawahi kuona punda mwenye ofisi?"

Benchi zima likaangua kicheko. Kile kiti nacho kikachagua saa hiyohiyo kuniangusha. Nilivyoinuka na vumbi la barazani magotini, Karani alikuwa bado ananitazama, anasubiri jibu.

Alikuwa na misemo yake, tuliijua kwa kichwa. "Jibu swali uliloulizwa, siyo lile unaloliogopa." "Shida siyo sifa, kila mtu anayo." "Ukiulizwa udhaifu wako, taja mmoja, usifungue duka." Shida ilikuwa moja: maisha yake yote alikuwa amesikia maswali ya mahakamani, hakujua kuna namna nyingine ya kumuuliza mtu. Ukimwambia ulifanya kazi ya muda mahali fulani, anataka kujua nani alikuona ukifanya. Na sisi tukazoea. Tukaanza kuongea kama washtakiwa bila kujijua.

Jonasi ndiye aliyeumbuka zaidi. Jonasi ni kijana wa Katumba, wazazi wake walitoka Burundi zamani wakapata uraia, yeye mwenyewe Burundi haijui hata kwa kuota. Alikuwa mpole, mwenye bidii, na kila siku ya mazoezi alikuja na baiskeli kutoka kwao huko. Akaitwa kwenye usaili wa ukarani wa ghala la tumbaku. Akavaa shati jeupe, akaingia, akasalimia vizuri. Mwenyekiti wa kamati akamuuliza, "Tumesoma hapa kwamba unaweza kufanya kazi hata Jumapili. Ni kweli?"

Jonasi akasimama wima, mikono mgongoni. "Si kweli, mheshimiwa."

"Unasema?"

"Si kweli, mheshimiwa. Naomba nafasi ya kuleta mashahidi."

Walicheka mpaka mmoja akatoka nje kunywa maji. Kazi hakupata. Alirudi barazani, akatusimulia mwanzo mpaka mwisho. Karani alisikiliza amefumba macho.

"Ulitamka kwa sauti ya kusikika?"

"Nilitamka muzee."

"Uliwaangalia usoni?"

"Niliwaangalia."

"Basi kosa ni la kwao."

Baadaye Jonasi alipata kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Tajiri alimuuliza swali moja tu, kama anaweza kuamka alfajiri, naye akasema ndiyo, akapewa funguo za stoo. Tulishangilia. Karani peke yake hakufurahi. Alimlazimisha Jonasi arudie maelezo, akidhani kuna maswali kayasahau. "Huo siyo usaili," akasema mwisho kwa uchungu. "Hiyo ni salamu."

Kuhusu hali ya ajira, redio hakuiamini. Alikuwa na vipimo vyake. Wahitimu wakianza kuendesha bodaboda, alisema, hayo ni mawingu tu. Wakiwa madalali wa viwanja, hayo manyunyu. Wakianza kufungua makanisa, hameni mabondeni, mafuriko yanakuja. Mchungaji wetu alisikia habari hiyo, na Jumapili akahubiri kuhusu ulimi. Karani alikaa benchi la mbele, akaitikia "Amina" kwa nguvu kuliko wote, akiamini anahubiriwa mtu mwingine.

Kitu kilichomchekesha kuliko vyote ni msimu. Mvua zikianza, benchi linabaki tupu. Vijana wote wamekwenda mashambani, huyu mahindi, huyu tumbaku, huyu mpunga wa babu yake. Wakishavuna wanarudi na viatu vimepigwa rangi, wanakaa foleni.

"Tangu masika ulikuwa wapi?" anamuuliza kijana.

"Shambani, mzee."

"Ulikuwa unafanya nini huko?"

"Nalima."

"Kuanzia saa ngapi?"

"Alfajiri mpaka jua linazama."

"Halafu umekuja hapa kuniambia huna kazi?"

"Ile siyo kazi mzee. Ile ni kulima."

Hapo Karani anacheka mpaka machozi, anafuta miwani kwa ncha ya tai, anamwita mkewe aje asikie. Mkewe alikuwa ameshasikia hilo jibu kila mwaka. Mama Karani, mwanamke wa Kipimbwe mwenye maneno machache, aliweka jiko lake pembeni ya baraza, akakaanga maandazi na kuchemsha chai ya tangawizi kwa ajili ya wanaosubiri. Wasailiwa wenye wasiwasi wanakula sana. Kuna siku nilimuuliza kama hachoki na wageni. Akasema, "Mwanangu, Mungu awape kazi wote, lakini asiwape siku moja." Mjini kwetu nadhani ndiye mtu pekee aliyeajiriwa na ukosefu wa ajira.

Nisimfanye malaika. Karani alichukia vimemo vya wakubwa kuliko wizi. Mtu akisema barazani kwamba bila kumjua mkubwa hupati kitu, anafukuzwa siku hiyo. Lakini binti yake wa mwisho alipohangaika sana, asubuhi moja tulimwona Karani anatoka amenyoa, ameshika kofia, anaelekea kwa mkubwa mmoja waliyefahamiana tangu enzi zake. Alirudi mchana. Binti alikuwa anamsubiri mlangoni.

"Baba, umemwambia?"

"Nimemsalimia."

"Halafu?"

"Amenisalimia."

"Halafu, baba?"

"Halafu nikaona nisimpotezee muda."

Binti akaacha kusubiri. Alifungua saluni karibu na soko, ikashika, na mpaka leo wateja wakimuuliza nani alimsaidia kuanza anasema, "Baba, kwa kunyamaza." Sijui kama ni lawama au sifa. Karani aliipokea kama sifa.

Mambo yakaja kubadilika taratibu. Maombi ya kazi yakahamia kwenye simu. Mtu anajaza akiwa kitandani, na mchujo wa kwanza anafanyiwa na kompyuta, anabonyeza majibu kwenye kioo bila kuona sura ya mtu. Vijana wakaacha kuja barazani. Walioendelea kuja walikuja kuomba kuchaji simu. Mama Karani akapunguza unga, halafu akapunguza sukari, halafu asubuhi moja hakuwasha jiko.

Karani yeye hakupunguza kitu. Saa mbili yuko mezani, amefunga vifungo. Na kwa kuwa hapakuwa na wasailiwa, akaanza kusaili yeyote aliyepita. Msoma mita za maji alikuja kusoma mita akakaa mpaka adhuhuri akieleza anajiona wapi baada ya miaka mitano. Muuza samaki akabadilisha njia. Na washenga walipokuja kumposa yule binti wa saluni, wazee watatu wa heshima wamevaa vizuri, Karani akawaketisha kwenye benchi na kuita mmoja mmoja.

"Mna uzoefu gani?" akamuuliza wa kwanza.

"Wa nini, mkwe?"

"Wa ndoa. Mmekuja kwa ajili ya ndoa, siyo?"

Yule mzee akafikiri, akaona pengine hapa ndipo pa kupata alama. "Mimi nimeoa wake wawili," akasema kwa fahari, "na wote wapo."

Ndani tukasikia Mama Karani ameangusha sufuria. Posa ile iliokolewa na yeye, kwa kuwatoa washenga kwenye benchi na kuwaingiza sebuleni kama watu. Jioni alikuja kwetu, akakaa jikoni na mimi. Mimi nilikuwa bado sina kazi.

"Rehema," akasema, "naomba unitafutie huyu mzee kazi."

"Mama, mimi mwenyewe natafuta."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Wewe unajua njia." Hakuwa anatania. "Hali chakula. Anakaa pale mpaka jua linamfikia miguuni, anavuta kiti, linamfikia tena. Atakufa mezani huyu."

Basi nikamchukua. Tulitoka asubuhi, mimi na Karani, tukazunguka Mpanda yote. Shule moja ya binafsi walikuwa wanataka mtu wa mapokezi, wakasema wanataka msichana. Duka la vifaa vya ofisi wakasema watatupigia, na namba hawakuchukua. Stendi ya mabasi kulikuwa na ofisi inayotafuta mtu wa kutangaza safari. Meneja alikuwa kijana wa umri wangu, mpole kabisa, na huo upole ndio uliotumaliza. Alimletea Karani kiti, akamwagizia soda, akamwambia, "Mzee wangu, wewe umeshastaafu. Ni wakati wa kupumzika."

"Nimestaafu mahakama," akasema Karani. "Sijastaafu kuamka."

Kijana akacheka, akadhani ni utani wa wazee. Soda Karani hakuimaliza.

Tulirudi kwa miguu ingawa bajaji zilikuwepo. Tulipofika kwenye ile barabara ya kwetu, akafungua kifungo kimoja, halafu cha pili, halafu akavua koti lote na kulitundika mkononi. Shati lilikuwa limelowa mgongoni kote. Miaka yote ile sikuwa nimemwona bila koti, na nilishtuka jinsi alivyokuwa mwembamba.

"Nyie mnavumiliaje?" akaniuliza.

"Nini, mzee?"

"Hili. La kurudi nyumbani." Alitembea kidogo. "Mimi nilikuwa nawauliza maswali halafu naingia ndani kula. Sikujua mkitoka mnakwenda na nini."

Nilimshika mkono tukavuka mtaro. Mlangoni Mama Karani alitutazama, akaona koti liko mkononi, akalipokea. Kabla ya mvua za kwanza walikuwa wamehamia Kibaoni, huko Mpimbwe kwa kina Mama Karani, kulima mpunga. Meza walituachia sisi. Mama yangu anaweka ndoo juu yake.

Mimi nikabaki na usaili wangu mmoja mmoja, Dodoma huku, Sumbawanga kule, nauli ikiliwa na majibu yasiyokuja. Halafu siku moja shangazi akaniambia nimletee mchele kutoka Mpimbwe, jirani naye akasema mimi pia, na mwalimu wa shule akasema na mimi. Nilianza hivyo, bila kujua nimeanza. Nikawa naenda Kibaoni, nanunua, nauza Mpanda. Ukiniuliza nafanya nini nilikuwa nakujibu, "Kwa sasa nipo tu, nauza mchele huku nikitafuta."

Mara ya kwanza kwenda Kibaoni siku ya mnada, nilikuwa nabishana na mwenye mashine ya kukoboa kuhusu mchele wenye chenga nyingi, nikasikia kipaza sauti kinasema:

"Mwenye mbuzi mweupe aliyefungwa kwenye nguzo ya choo, afike mara moja. Mbuzi huyo anakula tangazo la afya. Narudia. Amefika kwenye neno kipindupindu."

Nikaacha mchele palepale. Niliifuata ile sauti kupita wauza mitumba, wauza majembe na nyama choma, mpaka kwenye jukwaa la mbao karibu na zizi la ng'ombe. Karani alikuwa amesimama pale, amevaa kizibao cha njano kinachong'aa kama cha mafundi barabara, kipaza sauti mkononi. Alikuwa amenenepa.

"Shikamoo, mzee!"

Akaniona. Uso wake wote ukafunguka, nikadhani ataruka chini. Badala yake alifunika kipaza sauti kwa kiganja, akainama, akanong'ona kwa furaha ambayo siwezi kuieleza:

"Marahaba mwanangu. Niko kazini."

Akanigeuzia mgongo, akaendelea kumtafuta mwenye mbuzi.

Nilisubiri kwenye banda la chai. Baada ya muda nikamwona anamwendea dada mmoja kijana aliyekaa kivulini na miwani ya jua, anatafuna muwa. Ndiye alikuwa msimamizi wa mnada. Karani alisimama mbele yake amenyooka, kofia mkononi.

"Madamu, naomba ruhusa. Nimepata mgeni."

"Dakika chache tu, mzee. Ng'ombe wanakaribia."

"Nashukuru, madamu."

Alikuja akakaa, akaagiza chai mbili. Alinieleza jinsi alivyopata kazi. Mtangazaji wa mwanzo alihamia Mbeya, Mama Karani akamsukuma aende. Madamu akamwambia, mzee, hebu sema kitu tusikie. "Nikasema, 'Kimya!'" akasimulia, akipunguza sauti wasije wakanyamaza tena. "Rehema, mnada wote ukatulia. Mpaka ng'ombe. Madamu akaniambia, anza sasa hivi."

"Na mama hajambo?"

"Hajambo. Anakaanga maandazi kule upande wa mbuzi. Na wewe? Bado uko Mpanda?"

Hapo nikainamisha macho. "Bado sijaajiriwa, mzee. Nanunua mchele hapa, nauza kule."

"Mchele wa nani?"

"Wangu."

"Nani anakupangia siku ya kuja?"

"Mwenyewe."

"Ukiugua, unamwambia nani?"

"Simwambii mtu, nalala tu."

Alinitazama kwa huruma ya kweli, akatikisa kichwa, akaniwekea sukari kwenye chai kama mgonjwa. "Pole sana, mwanangu. Yaani huna hata mtu wa kumwomba ruhusa?"

Kabla sijajibu, ikasikika sauti kutoka kivulini. "Mzee! Ng'ombe!"

Karani aliinuka, akameza chai ya moto kwa mkupuo mmoja, akakimbia. Alikimbia kweli, mzee yule, kizibao kikipepea, akaruka kamba ya zizi na kupanda jukwaani huku watu wakimpisha na kumshangilia.

Nilirudi kumalizana na mwenye mashine, nikapata kijana wa mkokoteni, tukapakia magunia. Njia ya kutokea ilikuwa imezibwa na ng'ombe, wanunuzi na pikipiki, tukakwama katikati, kila mtu anampigia mwenzake kelele. Ndipo kipaza sauti kikakohoa.

"Wenye pikipiki mlioziba njia, sogeeni. Mpisheni huyo dada mwenye mchele. Narudia. Mpisheni, yuko kazini."

Watu wakageuka kuniangalia, pikipiki zikasogea moja moja. Nilipita katikati yao nimenyoosha shingo, sijui kwa nini, kama mtu aliyeitwa jina. Nyuma yangu nikasikia sauti ya Madamu ikiingia kwa mbali kwenye kipaza sauti:

"Mzee, hilo halimo kwenye matangazo."

"Samahani, madamu," kikajibu, na Kibaoni nzima ikasikia.